Mfungueni Mbwa, Acheni Sumu

Pembezoni mwa Dar es Salaam tumegawana kazi bila kuitisha kikao: mbwa ni wa mwizi, panya ni wa sumu. Nenda Bunju, Madale au Mabwepande upande wa Kinondoni, nenda Chamazi, Mbande au Toangoma upande wa Temeke, utazikuta nyumba zimepangwa vilevile. Mbele kuna geti. Pembeni ya geti kuna banda la mbwa la matofali na nondo, lenye nafasi ya mnyama kugeuka na kulala, basi. Nyuma ya nyumba kuna bustani: matuta ya matembele, kitalu cha mchicha, migomba inayokunywa maji ya bafuni, mihogo kando ya ukuta, mpapai mmoja au miwili. Mbwa hufungiwa alfajiri na kufunguliwa watu wakishaingia kulala. Panya anakula viazi. Kisha hupita kijana na kipaza sauti chenye tangazo lililorekodiwa, dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto, na mwenye nyumba hutoka na hela mkononi.

Ninaupinga mgawanyo huo, tena wote. Mbwa anayeshinda bandani hatua chache kutoka kwenye bustani inayoliwa ni mfanyakazi tuliyemleta wenyewe, tunayemlisha kila siku, kisha tukamnyima kazi aliyozaliwa nayo. Na ile sumu ya kwenye pakiti isiyo na jina la kiwanda inatuumiza sisi, watoto wetu, kuku wetu na huyohuyo mbwa, wakati panya bado yupo.

Kwanza tumjue tunayepambana naye, maana wengi huongea kana kwamba panya wote ni wamoja. Yupo panya wa darini, mwembamba, mwenye mkia mrefu kuliko kiwiliwili, anayekimbia juu ya dari na kupanda minazi. Yupo panya shamba, mdogo wa rangi ya kahawia, anayefukua mbegu za mahindi siku chache baada ya kupandwa. Huyu watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemfuatilia kwa miongo kadhaa, na wamekuta jike lake lina chuchu hadi 24 na huzaa kwa wastani watoto kama 11 kwa mkupuo mmoja. Halafu yupo panya buku, ambaye ndiye bwana wa bustani zetu za pembezoni. Mkubwa wake hufika kilo moja na zaidi, na ukimnyoosha kuanzia pua hadi ncha ya mkia anakaribia mita moja. Ana mifuko ndani ya mashavu. Hali kiazi palepale tutani, anakijaza mashavuni, anakibeba hadi shimoni na kurudi kuchukua kingine. Usiku mmoja humtosha kulimaliza tuta.

Panya buku haoni vizuri. Anaishi kwa pua, na pua yake ni ya ajabu. Ndiyo maana shirika la APOPO, lenye makao yake palepale Sokoine, huwafundisha panya hao kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Wametumika Msumbiji, Angola na Kamboja. Ninamtaja kwa heshima. Lakini heshima haimfanyi aache mihogo yangu, na kuna jambo moja katika maisha yake ambalo wauza sumu hawalisemi: panya buku hazai kama panya shamba. Watoto wake ni wachache, mara nyingi hawazidi wanne au watano, na hukua polepole. Ukiwaua panya shamba kumi leo, msimu ujao nafasi zao zimejaa. Ukiwaondoa panya buku wawili kwenye kiwanja cha mita ishirini kwa thelathini na kuziba mashimo yao, bustani hupumua kwa miezi. Huyu ni mnyama wa kushughulikiwa mmojammoja, shimo kwa shimo. Kazi ya mmojammoja, shimo kwa shimo, ndiyo kazi ya mbwa.

Panya buku anakotoka tunakujua. Anatoka kwenye mapagale. Mitaa yetu ya pembezoni imejaa nyumba zilizoishia kwenye linta, na viwanja ambavyo wenyewe wanasubiri bei ipande, vikiwa vimeota vichaka hadi kifuani. Anatoka kwenye mashimo ya taka tuliyochimba wenyewe kwa sababu gari la taka halifiki, na kwenye rundo la matofali na mbao lililobaki baada ya kujenga. Hakuna pakiti ya sumu itakayosafisha kiwanja cha jirani aliyeko Mwanza. Tunachoweza kukilinda ni ua wetu, kila usiku, na ulinzi wa kila usiku unataka kiumbe asiyelala usingizi mzito.

Nieleze kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu wengi wanaoikataa hawajawahi kuiona. Toangoma nina jirani, mzee aliyekulia Kisarawe, ana mbwa jike wa kienyeji, mwekundu, masikio yamesimama, hazidi kilo kumi na tano. Jioni moja alinionyesha. Chini ya mgomba palikuwa na shimo lenye udongo mbichi mlangoni, na mlango wa pili ulikuwa chini ya ukuta, umefichwa na majani makavu. Mzee hakuutafuta huo wa pili. Mbwa ndiye aliyeuonyesha, akaweka pua pale na kutulia. Mzee akaanza kumimina maji ya ndoo kwenye shimo la mgombani, taratibu. Nikataka kumwita yule mbwa asogee. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usimwite. Ukimwita atakuja kwako, na panya atapita." Mbwa hakubweka. Alikuwa ameinua mguu mmoja wa mbele, mwili mzima umekazwa kama upinde. Ndoo ya pili ilipofika katikati, panya buku akachomoka mlango wa ukutani, amelowa, mkubwa kama paka mdogo. Mbwa akamdaka mgongoni, akatikisa kichwa mara mbili, akamweka chini. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kabla sijajua kwamba kimeanza. Mzee akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akamchukua panya kwa mkia na kwenda kumfukia mbali na kisima. Kisha akalifukua shimo kwa jembe: viazi vyetu vilikuwa humo, na kokwa za embe, na vizibo viwili vya soda.

Kutikisa kichwa kule si ukatili wa bahati mbaya. Ndivyo mbwa anavyovunja uti wa mgongo wa mawindo madogo, na panya hufa papo hapo. Mlinganishe na panya aliyekula sumu inayozuia damu kuganda, anayevuja damu kwa ndani siku tatu, nne, hata wiki, akijikokota darini kwako. Anayesema mbwa anaua kwa ukatili aniambie anaiitaje hiyo.

Huu ufundi si wa kuja. Vijiji vya Kisarawe, Mkuranga na Rufiji vimewinda ndezi na nguruwe kwa mbwa tangu zamani, na mkulima wa Rufiji anayelala kwenye dungu kulinda mpunga dhidi ya nguruwe anajua thamani ya mbwa kuliko mwenye geti wa Mbezi. Katika msitu wa Ituri, Kongo, wawindaji huwavisha mbwa wao njuga za mbao shingoni, kwa sababu mbwa wa kule habweki sana. Mbwa haohao walipelekwa Uingereza miaka ya 1930 na leo ulimwengu unawaita Basenji na kuwauza kwa bei ya juu. Jijini New York, watu wenye mbwa wadogo wa aina ya terrier wamekuwa wakiingia usiku kwenye vichochoro vya Manhattan tangu miaka ya 1990 kuwinda panya wa majalalani. Jiji tajiri lenye kila aina ya sumu, na bado mbwa ana kazi.

Hapo ndipo watu huniambia: paka anatosha. Hata methali yetu imempa paka ufalme, paka akiondoka panya hutawala. Ninampenda paka na ninamtaka uani. Lakini tusimpe sifa asizozifanyia kazi. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Michael Parsons walichapisha matokeo yao kutoka kituo kimoja cha taka Brooklyn, New York, walikokuwa wamefunga kamera kufuatilia paka wa mitaani katikati ya kundi la panya wakubwa. Kwa siku 79, paka waliua panya wawili. Wawili. Paka huchagua mawindo madogo; panya mzima wa gramu mia tatu anampa mawazo. Sasa mpe panya buku wa kilo moja mwenye meno ya kukata mhogo. Paka wa Chamazi anaikalia ngazi na kumtazama akipita.

Upande wa pili, kuna utafiti wa karibu zaidi na maisha yetu, nao ninauleta ingawa haunipi kila ninachotaka. Mwaka 2017 Themb'alilahlwa Mahlaba na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya kwenye kaya za vijijini Eswatini. Walipima ni chakula kiasi gani panya wanathubutu kula karibu na nyumba, wakilinganisha nyumba zisizo na mnyama, zenye paka tu, zenye mbwa tu, na zenye wote wawili. Nyumba za paka peke yake au mbwa peke yake hazikuonyesha tofauti ya maana. Penye paka na mbwa pamoja, panya walipunguza kula kwa kiasi kinachoonekana. Si lazima wawe waliuawa, walikuwa wanaogopa. Panya anayeogopa hakai mahali akala hadi akashiba, anachukua kidogo na kukimbia, na mwisho anahamia kwa asiye na kitu.

Mtu anaweza kunirushia utafiti huo: mbwa peke yake hakusaidia. Sawa, lakini mimi sitetei mbwa anayezurura uani bila kazi, wala simfukuzi paka. Ninatetea mbwa aliyepewa bustani, anayetembezwa kwenye matuta kila jioni, anayesifiwa akionyesha shimo, anayefanya kazi na binadamu mwenye ndoo na jembe, na paka akishika dari. Wakuze pamoja wakiwa wadogo, hawatagombana. Jambo ambalo mimi silikubali hata kidogo nikiusoma utafiti ule ni desturi yetu ya kumfungia mbwa. Harufu ya mbwa, mkojo wake kwenye kona za ukuta, nyayo zake kati ya matuta, ndivyo vinavyomwambia panya kwamba hapa si salama. Mbwa wa bandani harufu yake iko bandani.

Sasa sumu. Pakiti zinazouzwa barabarani nyingi hazina maelezo ya kueleweka. Aliyenunua hajui amenunua nini. Zipo za unga mweusi wa zinki fosfaidi, ambazo panya akionja kidogo na kunusurika hazigusi tena, yeye na ujanja wake. Zipo za vidonge vya rangi za kuzuia damu kuganda, ambazo dawa yake, brodifakumu, hukaa ndani ya ini la mnyama kwa miezi. Panya aliyeila hafi papo hapo. Anazubaa, anatembea mchana, anakuwa mawindo rahisi kuliko wakati wowote wa maisha yake, na wa kwanza kumpata ni paka wako, au bundi wa mnazini ambaye kila usiku alikuwa anakula panya bure, au kuku anayemdonoa, au mbwa. Kila mfuga mbwa wa pembezoni ana hadithi ya mbwa aliyekutwa amekakamaa asubuhi, povu mdomoni, na majirani wakasema wezi wamemlisha. Wezi hulisha mbwa sumu, kweli. Lakini ni mara ngapi sumu ile ilitoka jikoni kwa jirani, imechanganywa na dagaa, imewekwa chini ya ukuta kwa nia njema kabisa?

Na watoto. Hili silisemi kwa utulivu. Chambo cha panya hutengenezwa kiwe kitamu: nyama, dagaa, andazi, nyanya iliyokatwa. Kinawekwa chini, kwenye urefu uleule wa mtoto anayetambaa. Nchi ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ya kusimamia vitu hivi, na ipo sheria, lakini kijana wa kipaza sauti anapita kwenye mtaa wa vumbi saa nne asubuhi, wakati hakuna mtu wa mamlaka yoyote. Mama anayeweka sumu kwenye bustani ya mchicha anakata mchicha uleule jioni.

Hoja inayorudiwa kuliko zote ni hii: ukimfungulia mbwa mchana atazoea watu, atapoteza ukali, mwizi atapita. Ndiyo hoja inayowaweka mbwa maelfu ndani ya mabanda, na haina msingi. Ukali wa mbwa wa bandani ni woga. Hajui nani mgeni na nani mwenyeji, kwa hiyo anabwekea kila kitu, mpaka mtaa mzima umezoea kutomsikiliza. Mbwa anayeijua kila inchi ya ua wake anajua pia kipi si cha pale. Akibweka saa nane usiku unaamka, kwa sababu habweki ovyo. Nenda kaulize mitaani ni mbwa gani aliyeng'ata mtoto wa nyumba: ni yule anayefunguliwa mara moja kwa siku, akitoka na hasira ya kutwa nzima. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka tumpe mnyama tunayemfuga nafasi ya kuishi kwa tabia yake. Kufukua, kunusa na kufukuza ndiyo tabia yake.

Pamoja na hoja hiyo huja fasheni. Tumeaminishwa kwamba mbwa ni German Shepherd, na yule wa kienyeji ni mbwa koko, aibu ya geti. Kwa kazi hii ni kinyume kabisa. German Shepherd wa kilo thelathini na tano anahema chini ya jua la Februari na akiingia kitaluni amekitandika. Mbwa wa kienyeji ni mwepesi, nywele fupi, amezoea joto letu, anakula ugali wa dona na vichwa vya samaki na anapita kati ya matuta bila kuvunja kitu. Mama yake na bibi yake waliishi kwa kuwinda.

Na mlisheni. Kuna imani kwamba mbwa mwenye njaa ndiye anayewinda vizuri. Mbwa mwenye njaa anakula mayai, anazurura majalalani na kumeza panya waliokufa kwa sumu ya wengine. Aliyeshiba anawinda kwa kupenda, na akishaua anaacha.

Bustani atafukua, watasema. Atafukua, hasa akiwa mtoto. Zungushia kitalu fito na miiba ya mkwamba mpaka miche ishike, mwachie kona yake yenye mchanga chini ya mwembe, mkemee palepale anapokosea na si saa nzima baadaye. Miezi michache inatosha. Kuku wa jirani na mbuzi wanaoachiwa mchana wanaharibu mchicha kuliko mbwa yeyote niliyemwona, na hao nao atakuondolea, pamoja na nguchiro na kenge wanaofuata mayai. Bunju na Mabwepande, karibu na msitu wa Pande, atakuondolea tumbili pia. Kwa kunguru anasaidia kidogo tu, sitadanganya.

Kinyesi ni hoja ya kweli, na hapa sina mzaha. Kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo inayoingia kwa binadamu, na bustani ya mboga za majani si mahali pake. Hakifai kuwa mbolea. Mbwa afundishwe kwenda kona moja, kinyesi kizolewe kila siku na kufukiwa mbali, apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, mboga zioshwe vizuri. Asiyekuwa tayari kwa hayo asifuge mbwa, wa mwizi wala wa panya. Lakini tukumbuke kwamba mboga hizohizo usiku zinakojolewa na panya, na panya hakuna anayempa dawa ya minyoo. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa homa ya mgunda wilayani Ruangwa, Lindi. Wagonjwa 20 walithibitishwa au kushukiwa wakati ule, na watatu walikufa. Ugonjwa huo husambazwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwa mstari wa mbele, na ndiyo sababu yule mzee alivaa mfuko mkononi. Mbwa naye anaweza kuupata na kuutoa. Zipo chanjo za mbwa zenye kinga yake. Muulizeni daktari wa mifugo.

Ipo pia hofu ya kichaa cha mbwa, nayo ni ya kweli: kinakadiriwa kuua karibu watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi Asia na Afrika. Jibu lake tunalijua: ukichanja mbwa saba kati ya kila kumi, ugonjwa unakosa njia. Pemba wamethibitisha. Kichaa kilikuwepo kisiwani, wakachanja, kikaisha. Kikarudi mwaka 2016, wakachanja tena, na kisa cha mwisho cha mlipuko ule kilikuwa 2018. Pemba, kisiwa cha Waislamu karibu wote, hawakushinda kwa kuua mbwa. Walishinda kwa kumshika mbwa kamba na kumpeleka kwenye chanjo. Na mbwa anayeshikika ni yule aliyezoea watu mchana. Yule wa bandani, mtu mzima mwenye nguvu hathubutu kumfikia, na afisa mifugo wa kata akija anaambiwa arudi kesho.

Nimelichelewesha la dini kwa sababu nalichukulia kwa uzito. Pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sibishani na hilo, na anayelishika simwiti mshamba. Ninachobishana nacho ni ile kauli ya barazani kwamba Uislamu umekataza kufuga mbwa, nukta. Aya ya nne ya Suratul Maida inahalalisha mawindo ya wanyama waliofundishwa kuwinda. Na Hadithi inayojulikana sana, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ile inayosema anayefuga mbwa hupungukiwa thawabu kila siku, imetoa ruhusa palepale kwa mbwa wa mifugo, wa uwindaji na wa shamba. Wa shamba. Bustani ya mihogo na matembele inayolisha familia ni shamba, au tumuulize shehe wa msikiti wetu kama si shamba. Ruhusa yenyewe imefungwa kwenye kazi. Kwa hiyo mwenye kuogopa dhambi angejiuliza zaidi kuhusu mbwa wa fahari aliyefungiwa getini kuliko kuhusu mbwa anayelinda chakula. Bakuli lake liwe nje, asiingie ndani ya nyumba, na mikono ioshwe. Wakulima Waislamu wa Rufiji wameishi hivyo vizazi na vizazi, na swala zao hazikukatika.

Inabaki hali ya wapangaji, ambayo watetezi wa mbwa huikwepa. Nyumba nyingi za Mbagala na Buza zina familia tano au sita kwenye ua mmoja, bustani ni matuta manne nyuma ya choo, na hakuna mwenye mbwa kwa sababu kila mmoja anahofia mwenzake. Hapo mbwa mmoja awe wa ua mzima, kwa makubaliano yanayosemwa mbele ya mwenye nyumba: nani anapika ugali wake, nani anazoa kinyesi, nani anampeleka kwenye chanjo kila mwaka wiki ya tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, ambapo mara nyingi halmashauri huchanja bure. Mtoto wa mbwa achukuliwe akiwa na umri wa miezi miwili, kutoka kwa mama anayeonekana akiwinda, na aanze kufuata jembe siku ileile anayofika. Kabla hajafika, pakiti zote za sumu zilizoko vyumbani na juu ya dari zikusanywe na kuondolewa, na chambo kilichokwisha kuwekwa kitafutwe kona kwa kona. Wapangaji wote wawepo siku hiyo, kwa sababu aliyeweka chambo mwezi uliopita ndiye pekee anayejua alikiweka wapi.